MJADALA: Vitabu vya kuchekesha viingie darasani au tuviache?

Assalam aleikum ndugu zangu wa Lamu, na nyie wa Malindi pia karibuni. Naleta hili kwa sababu kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa wanangu mwalimu mmoja wa madarasa ya chini aliomba ile pesa kidogo ya maktaba inunue hadithi za vituko na komiki, watu wakamkatalia palepale, ati mtoto hatumwi shule kwenda kucheka, na wengine wakasema vitabu hivo vinaondoa adabu. Mimi niko upande wa mwalimu, anayepinga aje na hoja tuzungumze.

Hebu tuangalie kwanza watoto wetu wanavyosoma. Wengi wanatamka vizuri mashaallah, mpe ukurasa atakushukia nao mbio mpaka chini bila kukwama, alafu muulize hapo pamesemwa nini, anakutizama tu. Na sisi tumeridhika na ile sauti! Sasa mpe kisa cha Abunuwasi na sufuria. Kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kisufuria kidogo juu yake, ati imezaa, jirani kwa tamaa akapokea vyote viwili. Kaazima tena, safari hii hairudi, akiulizwa anasema imekufa. Jirani anapiga kelele sufuria inakufaje, anaambiwa si ulikubali kwamba imezaa? Mtoto akisoma hapo peke yake akaangua kicheko ujue ameelewa, maana hawezi kucheka kama hakumbuki yule jirani alikubali nini mwanzo. Hiyo ni kazi ya akili, tena kubwa, na ameifanya bila kulazimishwa na mtu.

Wenzetu walishagombana juu ya hili zamani. Marekani mwaka 1954 mwandishi John Hersey aliandika kwenye jarida la Life kwamba vitabu vya watoto wanaoanza kusoma vinachosha, ndipo Dr. Seuss, mtunzi wa vitabu vya watoto, akatakiwa atunge kitabu kwa maneno machache ambayo mtoto anayeanza anayaweza, na 1957 kikatoka kile cha paka mwenye kofia, maneno tofauti 236 tu kitabu kizima, vurugu tupu nyumbani mama akiwa hayupo, na watoto wakakipenda. Na Uingereza 2008 mwandishi wa watoto Michael Rosen alianzisha Roald Dahl Funny Prize, tuzo ya vitabu vya watoto vya kuchekesha peke yake, kwa sababu kwenye tuzo nyingine vilikuwa vinarukwa. Yaani hata huko vilidharauliwa, sio sisi tu.

Haya, adabu. Hapa nawaelewa wazazi na sitaki kuwapuuza. Kuna vichekesho mimi mwenyewe sivitaki mbele ya mwanangu, vya kumcheka kipofu, kigugumizi, mtu mweusi sana au maskini, hivyo mwalimu avitoe bila kuuliza mtu. Lakini mtoto wa miaka saba kucheka kwa sababu sultani kajamba, jamani, hilo ndilo linaloharibu kizazi? Wazee hawahawa wanaokataa, wengi walikuwa wakishika gazeti la Taifa Leo wanaanzia kwa katuni ya Juha Kalulu kabla ya habari za siasa, na wamekuwa watu wazima wenye heshima zao.

Tena ucheshi sio mgeni kwetu. Kile kisa cha punda wa dobi, aliyerudi mara ya pili kwa simba, akauawa, sungura akamla moyo na masikio alafu akamwambia simba huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo angerudi kweli? Askofu Steere, mmishenari Mwingereza, alikikusanya Unguja akakichapisha London 1870, kwa hivo kimo kitabuni zaidi ya miaka 150 na bado watoto wanavunjika mbavu. Punda tunapishana nao Lamu kutwa nzima, lakini kitabu chepesi cha kumchekesha mtoto wa gredi ya 2 chenye punda wa hapa, vichochoro vya hapa na maneno tunayosema majumbani mimi sijakiona, na hilo linaniuma kuliko hata ile pesa kukataliwa.

Sisemi vitabu vya masomo viwekwe kando, wala visa vya mitume, wala mashairi. Nasema angalau kipindi kimoja kwa wiki mtoto achague mwenyewe cha kumchekesha, asiulizwe maswali mwishoni, asipewe alama. Na kama pesa ni shida basi bibi zetu bado wapo, watoto waandike visa vyao kwenye daftari, vishonwe, vipitishwe darasa kwa darasa.

Sasa nyie mnaopinga nijibuni hili moja: mtoto asiyetaka kugusa kitabu kabisa mtamuanzishia na kipi? Na walimu mlioshajaribu, Malindi au kokote, semeni mliona nini.