Bamvua la Mfunguo Pili

*Kikundi: Ngamiani Nyumbani. Jumamosi, katikati ya Aprili*

Mwanaidi, 1:10 asubuhi: Shikamooni wakubwa. Mmeamkaje huko Tanga? Huku Bagamoyo mvua imepiga usiku kucha. Bati limeimba mpaka kengele ya simu sikuisikia, na leo hakuna kipindi, nikajifunika kanga nikalala tena. Raha iliyoje!

Mama: Marahaba mwanangu. Chumba hakivuji?

Mwanaidi: Hakivuji Mama. Ndoo niliyotega pembeni imekesha kavu.

Mama Zuhura: Umeshakunywa chai?

Mwanaidi: Nimekunywa Mama Mkubwa. Chai ya tangawizi na vitumbua viwili vya mama wa pale kona. Ananikaangia vya mwisho, vile vinavyoungua kidogo ukingoni. Anajua ndivyo nivipendavyo.

Mama: Vitumbua viwili mtu anasoma navyo? Nakutumia elfu kumi na ya kutolea.

Mwanaidi: Mama weka kwanza. Mchele ninao, nazi ninazo mbili, mkaa upo. Nikikwama nitasema, sitakuficha.

Mwanaidi, 1:31: [Picha] Tazameni hii. Mnakiona hicho kiduara cheupe, kama sarafu? Ni utando wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Nimeupata nyuma ya mlango.

Mama: Mwanaidi! Hufagii?

Mwanaidi: Nafagia, wallahi. Huo nimeuacha kusudi, nimeulinda wiki nzima nikisubiri watoto wake watoke. Malimba ya Kigogo, ile ala ninayojifunza kupiga, ina vitundu kwenye sanduku lake, na kitundu kinafunikwa kwa utando kama huu. Ukibonyeza chuma, utando unatetema, sauti inatoka na mvumo wa nyuki. Wangu ulichanika Jumatano, malimba ikawa kama mtu mwenye mafua. Leo nimeubandua kwa wembe, pumzi nimezibana, maana ni mwepesi kuliko ganda la kitunguu. Nikaulowesha kwa mate, nikaubandika, nikaacha ukauke. Nilipobonyeza chuma cha kwanza tu, Neema wa chumba cha pili akatoka na mswaki mdomoni. Yeye ni mtu wa Dodoma, hiyo sauti kaikulia. Akaniambia, “Sasa imeamka.”

Mjomba Sefu: Si ndiyo aliyokuwa akiipiga marehemu Hukwe Zawose?

Mwanaidi: Ndiyo hiyo Mjomba. Mgogo, lakini maisha yake ya usanii mengi yalikuwa hapa Bagamoyo. Amefariki 2003, mie sijazaliwa. Kila nikiishika namfikiria yeye, vidole vyangu vinaona aibu kidogo, halafu vinaendelea.

Hamisi: Dada, nimemsomea bibi. Anasema utando huo zamani wakijikata kisu wanaubandika kwenye kidonda na damu inakata. Anasema hakujua kama una sauti.

Mwanaidi: Mwambie nitamtumia aisikie. Jioni, bando likiniruhusu.

Mama: Haya, na hilo bando je?

Mjomba Sefu: Bando mwachieni mjomba mtu.

Zuhura, 3:05: Salaam aleikum nyote, shikamooni. Huku Bonn ni saa mbili. [Picha] Hiyo ni micheri ya mji wa kale. Wiki iliyopita ilishona maua hata matawi huyaoni, watu wanatoka mbali kuja kupiga picha. Sasa yanapukutika, barabara nzima ya waridi. Nimepita na baisikeli, maua yakaniganda kwenye hijabu mpaka darasani.

Mama Zuhura: Mashallah. Baridi imeondoka mwanangu?

Zuhura: Asubuhi bado inauma, Mama. Ila mchana jua likitoka wanafunzi wote wanavua makoti, wanajilaza kwenye nyasi kando ya mto Rhine. Mwaka wa kwanza niliwashangaa. Mwaka huu nami nimejilaza. Huwezi kujua jua ni nini mpaka ulikose kuanzia Novemba. Na kuna jingine linalonifurahisha kuliko maua: tangu wasogeze saa mbele, ile Jumapili ya mwisho ya Machi, tumepishana saa moja tu badala ya mbili. Naona kama mmenisogelea.

Mama Zuhura: Mwanangu. Nilikuwa najiuliza mbona siku hizi unapiga simu sijalala.

Mwanaidi: Dada unakula nini huko?

Zuhura: Sokoni zimeingia asparaga nyeupe. Zinauzwa mpaka tarehe 24 Juni, baada ya hapo hawavuni tena. Wao wanazila na siagi, mie nimezitia tui la nazi. Mwenzangu wa chumba, Mjerumani, amelamba sahani.

Hamisi: Bibi anauliza, dada Mwanaidi, maji huko yakoje leo? Anasema mwezi unaandama leo, ukionekana kesho ni Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Anasema hilo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na saa nne na nusu pwani yote itakuwa wazi.

Mwanaidi: Ngoja nikatazame! Naenda na Neema, hajawahi kuona maji yakikupwa hasa. Kwao bahari ni hadithi.

Hamisi: Bibi anasema vaa viatu, kuna miba ya urumba.

*Saa 6:40 mchana*

Mwanaidi: Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Mama: Anzia kwamba umerudi salama.

Mwanaidi: Salama kabisa Mama. Jamani, bahari haikuwepo! Tumeteremka pale kando ya soko la samaki, mashua zimelala ubavu mchangani, maji yako kule mbali kama uzi. Mchanga umejikunja mikunjo midogomidogo, kama kanga iliyoanikwa bila kukung'utwa. Ukikanyaga unasikia kila mkunjo unyayoni. (Bibi nisamehe, viatu nilivishika mkononi.) Neema kanyamaza kimya, halafu akakimbia. Amekimbia tu, mikono hewani, hana anakokwenda.

Mwanaidi: Huko mbele tukamkuta mama mmoja na ndoo yake anaokota kombe. Nikamwamkia, nikamuuliza anajuaje walipo. Akaniinamisha akanionyesha: vitundu viwili vidogo mchangani, vimekaa pamoja kama vya kifungo cha shati. Hapo ndipo anapopumulia. Unatia vidole pembeni, haraka, maana akihisi anazama. Cha kwanza nikakikosa. Cha pili nikakigusa mgongo kikanikimbia. Cha tatu nikakitoa! Kizito, kimefumba, kinanitemea maji usoni. Nilipiga kelele mama wa watu akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Zuhura: Nasoma haya maktaba na natabasamu peke yangu. Endelea.

Mwanaidi: Nimepata kumi na moja. Yule mama akatuongezea wake viganja viwili, akakataa kabisa hela. Amesema mtoto wa mtu aliye masomoni ni wa kila mtu. Nimewaloweka kwenye maji ya bahari wateme mchanga, jioni nawapika kwa nazi. Kwa hiyo Mama, ile elfu kumi iache tu.

Mama: Haya. Nimekuelewa. Lakini wapike waive.

Hamisi: Bibi anauliza mlirudi lini, maji yakiwa wapi.

Mwanaidi: Hapo ndipo nilipojifunza Bibi. Tulikuwa tunatazama mbele, tunaona maji bado mbali. Yule mama akatuita, “Tazameni nyuma.” Mifereji tuliyoivuka mikavu imeshajaa, kati yetu na nchi kavu. Tulivuka maji magotini. Neema alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama: Ya Rabi.

Hamisi: Bibi amenyang'anya simu, anataka sauti. Nimemwandikia aliyoyasema: “Mjukuu wangu, maji ya bamvua yakigeuka hayapigi hodi. Usitazame mawimbi, tazama mifereji. Mfereji wa kwanza ukiingia maji, ndoo kichwani, ondoka, hata kama kombe wako mbele yako wanakuchekea. Nasi Tongoni tulikuwa tunakwenda wasichana sita saba, mmoja hainami, kazi yake kuangalia nyuma. Mara nyingi alikuwa ni mimi, kwa sababu nilikuwa naimba, na nikinyamaza tu wenzangu wanajua tuondoke.”

Mama Zuhura: Mimi mtoto wake wa kwanza, hili la kuimba silijui.

Mama: Wala mie.

Mjomba Sefu: Hamisi, muulize alikuwa anaimba nini.

Hamisi: Amesema hawezi kusema hapa, mpaka aone maji.

Hamisi: Hajakanyaga pwani tangu magoti yaanze kumsumbua, amesema mwenyewe.

*Saa 10:50 jioni*

Mwanaidi: [Ujumbe wa sauti, dakika 2 sekunde 14] Bibi, hiyo ndiyo malimba na utando wake. Nimekaa ukutani ufukweni, maji yamejaa mpaka kwenye ngazi, yale yale ya asubuhi. Huo mlio wa nyuma ni mawimbi, na anayepiga makofi ni Neema.

Zuhura: Nimeisikiliza mara tatu kwenye tramu.

Mama: Mwanangu, kumbe unaweza hivi.

Mwanaidi: Mama bado najifunza. Ila asante.

Hamisi: Bibi amesikiliza mara tano. Sasa anahesabu kwa vidole. Anasema mwezi mpevu utaangukia Mei Mosi, na bamvua litarudi. Anasema anakuja Bagamoyo.

Mama: Na magoti? Na barabara hii ya masika?

Hamisi: Anasema kwenye basi magoti yanakaa.

Mjomba Sefu: Mei Mosi ni Ijumaa, kazini hatuendi. Nitamleta mimi, tunatoka Alhamisi. Basi la Dar linalopita Segera na Msata linatushusha Bagamoyo penyewe. Ufukweni hatutembei, nitatafuta bajaji itusogeze mpaka mwisho wa lami, halafu kiti chake nakibeba kichwani.

Mwanaidi: Mjomba!!! Chumba ninacho, godoro nitamwachia, mie nalala kwa Neema.

Mama: Basi nami nakuja. Hamwezi kwenda wenyewe.

Zuhura: Huku pia Mei Mosi ni mapumziko. Saa nne na nusu yenu ni saa tatu na nusu yangu. Nipigieni ya video, tafadhali, niwe macho. Nataka kusikia huo wimbo.

Mama Zuhura: Mwanangu nitakuwekea simu mimi, nitaishika kwa mikono miwili.

Hamisi: Bibi anasema Mwanaidi asile kombe wote, na ile sauti iwekwe tena.