Ushauri: jasusi wangu wa Mwanjelwa anatubuje bila kufa?

Radi_ya_Loleza (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Ni mwandishi wa simulizi, nipo Mbeya, natuma vipande kwenye kundi la WhatsApp na wasomaji wanalipia kwa simu. Hii ya sasa ni ya kijasusi, na imekwama.

Mhusika anaitwa Ambakisye, fundi redio pale Mwanjelwa, mwaka ni 1997. Mtaa unamjua kwa upole na kwa kutokopesha. Kisichojulikana ni kwamba mwaka 1975, akiwa karani kijana kwenye bohari la mafuta Iringa mjini, alikuwa anakula mshahara wa pili wa CIO, idara ya ujasusi ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya sasa. Malori ya wapigania uhuru wa ZANU kutoka kambi ya Mgagao yalijaza mafuta kwake. Usiku mmoja akauza namba ya lori na saa ya kuondoka. Lori likaishia korongoni Kitonga, dereva akafa pamoja na vijana aliowabeba. Ikaandikwa kwamba dereva alikuwa amelewa.

Sasa mjane wa yule dereva, aliyehamia Mbeya kwa binti yake, ameingia dukani na redio ya mbao iliyokufa spika. Ambakisye ana desturi ya kubandika kipande cha plasta nyuma ya kila redio na kuandika jina la mteja. Mama anataja jina la mumewe, kalamu inagoma katikati ya herufi.

Nimeishia hapo. Kuna wasomaji wanataka afe kwa risasi. Wengine wanataka mkubwa wake wa zamani aje kumsaka, wapigane darajani Kasumulu, mpakani na Malawi. Mimi nilikuwa nampandisha basi la Tunduma, avuke, aende hadi Afrika Kusini kwenye tume ya ukweli na maridhiano ya Askofu Mkuu Tutu akaungame na kusamehewa. Mnaonaje? Nawasilisha.

Mtoto_wa_Sae

Mwe! Afe tu. Mimi nimelipa buku yangu nione damu, siyo plasta.

Wakili_Mstaafu

Mleta uzi, Tutu muache. Tume ile ilishughulikia mgogoro wa Afrika Kusini, kati ya Machi 1960 na Mei 1994. Huyo wako alifanya kazi ya Rhodesia, wangemrudisha mlangoni. Na Zimbabwe ilipopata uhuru 1980 haikuunda tume ya namna hiyo, pande zote zilisamehewa kwa sheria, mambo yakafunikwa.

Lakini kuna kitu cha kuchukua pale. Msamaha wa ile tume haukudai machozi. Ulidai tendo liwe la kisiasa na mwombaji aseme yote aliyofanya. Kujuta hakukuwa sharti. Waliomba watu zaidi ya 7,000, wengi wakakataliwa. Hebu mpe Ambakisye kipimo hicho: anaweza kusema YOTE? Maana jasusi hata akitubu hubakiza kidogo mfukoni.

Na kwetu mauaji hayana ukomo wa muda wa kushtakiwa. Akifungua mdomo mbele ya mashahidi, ajue Gereza la Ruanda, hapohapo Mbeya, liko karibu na duka lake.

Kaka_Mkubwa_Tukuyu

La mkubwa kuja kumsaka linachekesha. Ken Flower, aliyeiongoza CIO ya Rhodesia tangu ilipoanzishwa 1963, Mugabe alimwacha kwenye kiti kilekile baada ya uhuru. Mkubwa huyo hakukimbia wala kusakwa. Anayejificha miaka yote hiyo ni karani wa bohari. Ungelikaza hapo, ndiyo riwaya yenyewe. Amsikie mkubwa wake akitajwa kwenye redio anayoitengeneza.

Dereva_wa_Masafa

Mimi Kitonga naishuka kila wiki. Kwenye kipande chako cha tatu kuna mtu kakata bomba la upepo wa breki, na lori likaenda. Kwa malori tunayoendesha sisi, upepo ukiisha breki zinafunga, gari inasimama palepale. Lile lako sema ni la zamani la breki za mafuta, au usiseme kabisa. Bora Ambakisye asiguse spana. Alitaja namba na saa, basi, mengine wakafanya watu asiowajua. Hapo hana hata pa kujitetea.

Halafu hakuna dereva mzoefu anayeshuka pale kwa kukanyaga breki tu, unashuka na gia nzito. Waliomsema mlevi walikuwa madereva wenzake, na walijua hilo. Ungeuliza kwa nini walinyamaza.

Mwalimu_Uyole

Mimi nashauri atengeneze redio bure, halafu ndani ya kasha afiche bahasha ya pesa. Kila mwezi iletwe tena kwa ubovu mdogo, kila mwezi bahasha. Mama asijue inatoka wapi.

Binti_Kilolo

Kamwene wote. Mwalimu, pesa ya kificho ni ujasusi uleule. Bado anamfanyia yule mama mambo gizani.

Mnazungumzia risasi na daraja, hakuna aliyeuliza huyu mama alipoteza nini zaidi ya mume. Kwetu mtu akifa kwa ulevi na roho za watu mkononi, wanawe wanaitwa watoto wa mlevi mpaka wanazeeka. Shemeji zake watakuwa walichukua shamba, wakasema ndugu yao aliwaaibisha. Kijana wa kiume hakupewa usukani na mtu. Hiyo ndiyo deni lake, na halilipwi kwa yeye kufa. Akifa, jina la dereva linabaki chafu vilevile.

Kwa hiyo aende Kilolo, kwa ukoo wa dereva. Asiende peke yake, atangulize mtu mzima wa kumsemea, akae chini mbele ya ukoo wote na hao shemeji wakiwepo, aseme namba ya lori, aseme saa, aseme alilipwa kiasi gani. Wakimpeleka polisi, wampeleke.

Radi_ya_Loleza (mleta uzi)

Binti Kilolo, ndaga fijo. Tutu namfuta leo, bomba la upepo pia. Swali moja: mama aambiwe kwanza pale dukani, au asikie pamoja na ukoo?

Binti_Kilolo

Aambiwe kwanza, na yeye ndiye aamue kama ukoo ukae. Shemeji wasisikie kabla yake. Na usimfanye asamehe kwenye kipande hichohicho, mwache achukue redio yake, alipe, aondoke.

Mtoto_wa_Sae

Alipe?! Haya, niunganishe tena kwenye kundi, nilijitoa jana.