Msongamano wa kisiwa kidogo upimweje?

Swali: Wakuu, nikigawa idadi ya watu kwa eneo lote la kisiwa cha matumbawe, napata picha sahihi? Na waliohamia ng'ambo niwahesabuje?

Jibu 1: Hapana, ndugu. Ondoa kwanza mikoko na fukwe zinazomomonyoka, kisha upime maji. Hapo ndipo kisiwa huelemewa mapema! Chini ya ardhi, maji baridi (yasiyo na chumvi) huelea juu ya ya chumvi: mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 za maji hayo chini yake. Ukichimba kisima kirefu na kuvuta kwa kasi, chumvi hupanda. Afadhali mifereji ya mlalo ya kukusanyia maji ya ardhini na pampu ya polepole, mbali na vyoo vya shimo.

Jibu 2: Naongeza mvua. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 100 ni lita 5,000. Hesabu 4,000, nyingine hupotea.

Jibu 3: Kuhusu wahamaji, tazama Niue, kisiwa cha Pasifiki: wenyeji wake wengi zaidi wanaishi New Zealand kuliko nyumbani. Tenganisha raia na wakazi, kisha wapange wakazi kwa umri, maana wanaoondoka zaidi ni vijana. Pesa wanazotuma hulipa karo na kujenga nyumba, ila sehemu kubwa hutoka tena kununua vyakula vya kuagizwa.