Mwani wa tangi la maji chumvi: mbolea ya chupa, chumvi kavu za kupima mwenyewe, au kulisha samaki zaidi?

Nyasi_za_Bahari (mwanzisha mada)
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza mbolea ya mwani wiki hii na nimekwama kati ya njia tatu. Ya kwanza ni mbolea ya maji ya chupa, ile yenye kila kitu ndani: naitreti, fosfeti, chuma na madini madogomadogo. Ya pili ni chumvi kavu, nichanganye mwenyewe. Ya tatu ni kuachana na mbolea kabisa, niongeze chakula cha samaki tu. Mwani umesimama, haukui, na rangi inapauka. Ipi ni bora?

Chumvi35
Mkuu, kwa maelezo hayo utapata majibu ya kubahatisha tu. Tangi lita ngapi? Mwani wa aina gani? Naitreti na fosfeti zinasoma ngapi, na kwa kipimo gani? Taa zinawaka saa ngapi? Kuna matumbawe? Mawe ni mabichi (yenye viumbe hai) au makavu? "Kupauka" nako si kitu kimoja kwa mwani mwekundu na mwani wa kijani.

Pweza_Mkimya
Wakati tunasubiri majibu, mimi kura yangu ni chumvi kavu. Shida ya chupa iliyochanganywa ni kwamba huwezi kuongeza naitreti bila kuongeza fosfeti na chuma, na ni nadra tangi kula vitu hivyo vitatu kwa mwendo mmoja. Kinachobaki kinalundikana.

Chupa ya kwanza: gramu 13.7 za naitreti ya sodiamu, jaza maji yaliyotoneshwa hadi lita 1. Mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye lita 100 za tangi zinapandisha naitreti kwa miligramu 1 kwa lita.

Chupa ya pili: gramu 1.43 za KH2PO4 (fosfeti ya potasiamu), jaza hadi lita 1. Kila mililita ina miligramu 1 ya fosfeti, kwa hiyo mililita 5 kwenye lita 100 zinapandisha 0.05.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitoshi kwa chupa ya pili. Kama huna ya 0.01, pima gramu 14.3 kwenye lita 1, kisha chota mililita 100 za hiyo ujaze tena hadi lita 1. Kosa la mizani linapungua mara kumi. Chuma kiwe na chupa yake, usikichanganye na fosfeti. Vikikutana vikiwa vizito vinashikana na kuganda chini, na unachotia kwenye tangi ni maji matupu.

Kaa_Mpole
Mimi naenda na chakula. Samaki na konokono wanatoa amonia, na mwani unaichukua kwa urahisi kuliko naitreti, kwa sababu naitreti lazima kwanza uigeuze ndani ya seli kwa kutumia nguvu. Halafu chakula kinakuja na madini yote, hakuna cha kusahau. Zima skima (kile chombo cha kutoa uchafu kwa mapovu) saa chache baada ya kulisha, basi.

Chumvi35
@Kaa_Mpole hoja ya amonia ni sahihi kabisa. Uwiano ndio unaoniogopesha. Tumezoea kunukuu 16:1 ya Redfield kati ya naitrojeni na fosforasi, lakini hiyo ni ya planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea baharini. Atkinson na Smith mwaka 1983 walionyesha kuwa mimea mikubwa ya baharini, mwani ukiwemo, iko karibu na 30:1. Sasa angalia chakula: cha protini 45% kina naitrojeni kama 7%, na fosforasi mara nyingi 1% au zaidi. Ukigeuza kwa idadi ya atomu unapata 16:1 kwa bahati nzuri, na mara nyingi chini ya hapo. Ukilisha hadi mwani ushibe naitrojeni, fosfeti itakuwa imekuzidi.

Kaa_Mpole
Kwenye tangi lenye samaki wengi na skima nzuri halitokei hivyo. Lakini sawa, kwa tangi lenye samaki wachache nakubali kiasi.

Nyasi_za_Bahari
Samahani wakuu, haya hapa. Lita 180. Gracilaria nyekundu ndiyo nyingi, Caulerpa prolifera kidogo, na bonge la Chaeto (Chaetomorpha, mwani wa kijani wa nyuzinyuzi) kwenye tangi la chini. Samaki wawili wadogo na uduvi, hakuna matumbawe. Naitreti 0, fosfeti 0.02, vipimo vya rangi na kadi. Taa saa 14. Mawe yaliwekwa makavu, yana miezi mitatu. Gracilaria imekuwa ya manjano kwenye ncha, kama majani makavu, ila haijalainika. Chaeto ukiibana inavunjika vipandevipande.

MziziBahari
Hapo sasa tunaongea. Mwani mwekundu unapata rangi yake kwa fikoerithrini, ambayo ni protini, na Gracilaria inaitumia pia kama ghala la naitrojeni. Ikikosa naitrojeni majini inaanza kula ghala lake yenyewe, wekundu unaondoka na unabaki ule umanjano wa majani makavu. Kama bado ni ngumu mkononi, iko hai na itarudi. Ingekuwa inaoza ingekuwa nyeupe na laini.

Anza na naitreti peke yake. Kwa lita 180, mililita 36 za chupa ya kwanza ya Pweza zinakupa miligramu 2 kwa lita. Tia asubuhi taa zikiwaka, karibu na mkondo wa pampu, pima baada ya saa 24. Ukikuta 0, rudia. Lengo ni uamke ukute kati ya 2 na 5, siku zote.

Fosfeti usiiguse kwanza, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu kosa hili linarudiwa kila mara na watu wenye mawe makavu. Chukulia tangi moja la lita 240, mawe makavu na mchanga wa aragonaiti. Fosfeti ilisoma 0, Chaeto haikui. Ikatiwa 0.05 kila siku. Jioni inasoma 0. Ikaonekana mwani una njaa, dozi ikapandishwa 0.10, kisha 0.20, na bado kila kesho yake ni 0. Kumbe naitreti nayo ilikuwa 0 muda wote, mwani haukuwa na uwezo wa kutumia fosfeti hiyo hata kidogo. Iliyokuwa ikiinywa ni kalisi kaboneti ya mawe na mchanga, maana fosfeti inajishikiza juu yake. Wiki ya sita mawe yakakaribia kushiba, kipimo kikaruka hadi 0.4. Maji yakabadilishwa theluthi moja, ikashuka karibu 0.27, baada ya siku mbili 0.38, kwa sababu mawe yanarudisha kile yalichonyonya hadi usawa urudi. Katikati ya hapo sianobakteria wakatandika mchanga wote kama shuka jekundu. Baadhi yao wanajitengenezea naitrojeni kutoka kwenye gesi iliyoyeyuka majini, kwa hiyo tangi lenye fosfeti nyingi na naitreti sifuri ni karamu yao. Kuitoa fosfeti ile kwa chembechembe za oksidi ya chuma kulichukua miezi.

Yako ni 0.02, si sifuri. Iache hadi naitreti isimame.

Ngalawa_Ndogo
Mbona hakuna anayeitetea chupa? Mbolea ya mimea ya maji baridi iko kila mahali na mwani hauulizi imetoka wapi.

Pweza_Mkimya
Mwani hauulizi, uduvi ndio watakaouliza. Soma lebo uangalie shaba, ambayo ni sumu kwao. Kiasi kidogo mwani wenyewe unahitaji, lakini mbolea ya mimea ya maji baridi hutiwa kwa kufuata potasiamu na chuma, na ukipandisha dozi ili upate naitreti ya kutosha, shaba inapanda nayo. Angalia pia kama naitrojeni yake ni urea. Urea inabadilika kuwa amonia kwa kasi ya bakteria, si kwa kasi unayoitaka wewe, na maji ya bahari yana pH ya juu, ambako sehemu kubwa zaidi ya amonia inakaa katika umbo lenye sumu.

Ngalawa_Ndogo
Zipo za chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya mwani wa maji chumvi, hizo hazina urea. Kwa mtu asiye na mizani ni salama kuliko kukosea nukta.

Pweza_Mkimya
Hizo sina ugomvi nazo, ila tatizo la uwiano liko palepale. Hapa anahitaji naitreti tu.

Kaa_Mpole
Kwa nini sodiamu na si naitreti ya potasiamu? KNO3 ni rahisi kupatikana na mwani unakula potasiamu nyingi.

Pweza_Mkimya
Inafaa pia, gramu 16.3 kwa lita badala ya 13.7. Lakini kila miligramu 10 za naitreti zinakuja na miligramu 6.3 za potasiamu. Maji ya bahari yana kama 400. Ukitia 5 kwa wiki mwaka mzima, umeongeza zaidi ya 160 ukiondoa iliyoliwa na iliyotoka kwenye kubadilisha maji. Sodiamu inapotea ndani ya chumvi, huioni.

Kaa_Mpole
"Ukiondoa iliyoliwa" ndiyo hoja nzima. Kila unapovuna Gracilaria unatoa potasiamu nje ya tangi. Mwenye tangi la mwani mtupu anaweza kukuta imeshuka chini ya 380 bila kujua. Mimi ningebadilishana, chupa moja hii, inayofuata ile.

Chumvi35
Wazo zuri kama ana kipimo cha potasiamu. Bila kipimo, sodiamu.

Nyasi_za_Bahari
Asanteni. Na chuma je? Nimesoma kuwa bila chuma hakuna rangi.

MziziBahari
Chuma kitupu kwenye maji chumvi kinageuka kutu na kuganda muda mfupi tu baada ya kutiwa, ndiyo maana kinafungwa kwa EDTA au DTPA, kemikali zinazokishika kisigande. Kwa pH ya bahari DTPA inakishika vizuri zaidi. Ukipata unga wa DTPA wenye chuma 11%, yeyusha gramu 1 kwenye nusu lita, chupa nyeusi maana mwanga unaivunja. Mililita 8 kwa lita zako 180 zinatoa 0.01 kwa lita. Mara mbili kwa wiki inatosha. Vipimo vingi vya nyumbani havioni kiasi hicho, kwa hiyo ukisubiri kipimo kisome utakuwa umeshazidisha. Angalia ncha mpya za Caulerpa: zikitoka zimepauka wakati naitreti ipo, ongeza. Lakini si leo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Na hiyo Caulerpa iangalie. Ni seli moja ndefu, mabadiliko ya ghafla yanaweza kuifanya imwage mbegu zake zote usiku mmoja. Asubuhi jani limekuwa kama kioo na maji yamekuwa maziwa ya kijani. Ukiona vitone vya rangi vimeanza kujikusanya kama wavu juu ya jani, toa jani hilo mara moja, maana kinachofuata kinakula oksijeni ya samaki.

Ngalawa_Ndogo
Kwa Gracilaria kuna njia ya ndoo. Lita 10 za maji ya tangi, mililita 50 za chupa ya kwanza na 34 za chupa ya pili. Hapo unakuwa karibu na nguvu ya f/2, ile fomula ya Guillard ya kukuzia mwani maabara, yaani naitreti 50 hivi na fosfeti 3.4. Tia jiwe la hewa, iache saa 12, isuuze kwa maji chumvi, irudishe. Inajaza ghala lake na tangi halionji kitu, kwa hiyo mwani mdogo wa kwenye kioo haupati chochote. Mara moja kwa wiki. Caulerpa usiitie humo.

Chumvi35
Hiyo ni nzuri sana kwa mawe makavu. Nyongeza moja kwa anayetia naitreti kwenye tangi: ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, utapanda. Mwani ukila naitreti unarudisha ualkali majini. Naitreti 50 zikiliwa, ualkali umepanda dKH (kizio cha ualkali) 2.3 hivi. Kwa 2 kwa siku ni siku 25 tu.

Kaa_Mpole
Sijawahi kuona mwani ukipandisha ualkali. Mchana unavuta kaboni, ualkali unashuka.

Chumvi35
Kinachopanda mchana ni pH, kwa sababu ya kaboni dayoksaidi kuvutwa. Ualkali unaushusha ukiwa na Halimeda au mwani mwingine unaojenga kalisi. Na kwa anayelisha samaki tu huoni chochote, kwa kuwa bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanakula ualkali uleule ambao mwani unaurudisha. Ukitia naitreti kutoka kwenye chupa, nusu ya kwanza ya hesabu haipo.

Kaa_Mpole
Nitapima wiki hii kabla sijakubali.

Nyasi_za_Bahari
Wakuu, chumvi nimepata kwa mwenzangu, nimeanza leo. Nimetia mililita 36, baada ya saa moja nikapima. Ilitakiwa kusoma 2, imesoma 0.5. Inaonekana mwani una njaa kali. Nizidishe mara nne?

Pweza_Mkimya
Usitie kitu. Saa moja haitoshi kula kiasi hicho. Kwenye karatasi ya kipimo chako imeandikwa NO3 (naitreti nzima) au NO3-N (naitrojeni iliyo ndani yake tu)? Kama ni naitrojeni, zidisha kwa 4.43, na 0.5 yako ni 2.2. Dozi imetua pale pale tulipopanga.

Ngalawa_Ndogo
Na hizo lita 180 ni za kioo au za maji? Ukitoa mawe na mchanga zinaweza kuwa 150, ndiyo maana imezidi kidogo.

Nyasi_za_Bahari
Karatasi sioni, nilitupa boksi. Kadi ina namba tu.

Pweza_Mkimya
Basi jipimie mwenyewe. Mililita 5 za chupa ya kwanza kwenye lita 10 za maji chumvi mapya: hiyo ni naitreti 5 kamili. Kikisoma 5 ni NO3, kikisoma kama 1 ni naitrojeni. Pima pia hayo maji mapya bila kutia kitu. Ulete namba zote mbili hapa kabla ya dozi ya kesho.