Naomba ushauri: nilisoma kwa masafa, waajiri wananitilia shaka

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mnaokaa upande wa kuajiri.

Nina shahada ya biashara, upande wa uhasibu. Niliisoma kwa masafa nikiwa hapa Nakuru, mchana niko kazini kwenye hadiwea, usiku mihadhara ya mtandaoni. Chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo uhalali wa cheti hauna shida.

Shida huanza kwenye intavyuu. Majuzi, kwa kampuni moja ya pembejeo, mmoja wa waliokuwa wakinihoji aliniuliza ni nani alikuwa akinisimamia nikisoma, kisha akataka barua ya atachimenti (mafunzo ya kazini ya mwanafunzi). Sina, maana tayari nilikuwa nimeajiriwa. Nikamweleza kwamba kila mwisho wa mwezi nalinganisha taarifa ya benki na daftari la mauzo, halafu naandaa ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na kuiwasilisha kwa iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. (Kuna waliosoma darasani miaka minne na hawajawahi kuigusa kazi hiyo.) Akaandika kitu, akaita mwombaji mwingine.

Bosi wangu amekubali kuniandikia barua yenye majukumu hayo. Pia nimejisajili CPA, mitihani ya taaluma ya uhasibu ya KASNEB.

Sasa naomba kujua: barua ya mwajiri inaweza kushika nafasi ya atachimenti? Na kwenye CV, niandike wazi kuwa nilisoma kwa masafa, au nitaje chuo na mwaka tu, mengine wakiuliza ndipo nieleze?