Tupeane uzoefu: baiskeli kwenye Bonde la Kerio, kutoka Iten hadi Kabarnet

Mleta mada

Wapanda baiskeli, yeyote aliyewahi kushuka Bonde la Kerio hapa Kenya naomba atupe yake: alipita wapi, alikutana na nini, na anayekwenda mara ya kwanza angemwambia nini. Naanza mimi.

Njia yangu ni Iten, Tambach, Biretwo, daraja la Chebloch hadi Kabarnet. Ni zaidi kidogo ya kilomita 50 na ni lami. Magari ni machache, kwa sababu malori ya kwenda Uganda yanafuata Nakuru na Eldoret na hayana shughuli huku. Utapishana na matatu, probox zilizosheheni maembe msimu ukiwadia, bodaboda, halafu mbuzi. Mbuzi ndio wengi.

Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri wanariadha wamejaa pembeni ya barabara, nami huwapisha kabisa maana wao wako kazini. Ukifika ukingoni unaliona bonde lote kwa mara moja, na vilima vya Tugen ng'ambo ya pili. Usitoke hapo mbio. Tambach nayo usiipite tu: wakoloni waliweka makao ya wilaya katikati ya mteremko, ndiyo maana unakuta shule na chuo cha ualimu mahali ambapo ungedhani pana miamba peke yake.

Wengi huikata Iten–Kabarnet asubuhi moja, wanapiga picha, wanapakia baiskeli na kuondoka. Mimi nasema lala huku walau usiku mmoja. Bonde hili halionekani kwa mwendo wa mashindano.

Gia Nyepesi

Mkuu, mteremko wa Iten hadi Biretwo unastahili maneno zaidi ya hayo. Unapoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo, na kona zimejikunja kwelikweli. Mtu mwenye breki za rimu akizishikilia muda wote, rimu inachemka, hewa ndani ya tyubu inatanuka, na tairi linaweza kupasuka akiwa katikati ya kona. Minya breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, halafu achia. Usizikwaruze kidogokidogo njia nzima. Palipo na nafasi ya kuegesha, simama, ziache zipoe, uangalie mandhari.

Kagua mipira ya breki ungali Iten. Ikiwa imelika, badilisha hapohapo.

Jambo jingine ni upande wako wa barabara. Matatu inayopanda inahitaji nafasi kubwa kwenye kona kali na dereva hakuoni mpaka mmekaribiana. Anayekata kona kwa kuingia upande wa pili ili apate mwendo anacheza na roho yake. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nawaona vijana wakilifanya.

Wa Kule Sacho

Karibuni upande wetu. Mnasifu kushuka, lakini kwetu ni kupanda.

Pale Chebloch Mto Kerio umebanwa na miamba, ukawa mwembamba na wenye kina. Vijana wa hapo huruka kutoka juu ya mwamba hadi majini, na wageni huwalipa. Patana naye bei kabla hajaruka, na umlipe kwa heshima, maana ni kazi ya hatari. Wewe usiingie majini kwa kuwa umewaona wao wameingia. Mto huu una mamba.

Kutoka darajani hadi Kabarnet ni mwinuko wa karibu mita 900. Shida kubwa hapo ni joto. Iten ulivaa jaketi, darajani nyuzi zimepita 30 na kivuli ni cha migunga tu. Ukifika pale saa sita mchana umejitafutia taabu. Ninachowashauri wageni wangu ni kulala upande wa Biretwo, kuvuka daraja kunapopambazuka, na kuwa juu kabla ya saa nne. Chupa mbili za maji hazitoshi. Beba lita tatu na chumvi kidogo, jaza tena kila kwenye duka, na weka gia nyepesi mapema kabla mapaja hayajaanza kulalamika.

Njiani wanauza asali yetu kwenye chupa, nyeusi na nzito. Mizinga ya magogo unaiona imetundikwa mitini kando ya barabara. Simama, onja, nunua. Muuzaji akikupa stuli, kaa.

Na kwa wapenda historia: mwaka 1883 Joseph Thomson alilikatiza bonde hili akitoka Baringo kuelekea Ziwa Victoria. Msafara wake ulibebwa na wapagazi waliotoka pwani. Kila nikisukuma pedali kwenye kile kilima nawafikiria wao, maana walipanda ukuta wa Elgeyo, ule wa upande wa Iten, kwa miguu, na mizigo kichwani.

Mama Pedali

Mimi na mdogo wangu huteremkia kusini zaidi, kutoka Nyaru hadi Kimwarer. Kulikuwa na mgodi wa floraiti kule, madini yanayotumika kuyeyushia chuma na kutengenezea alumini. Ulifungwa 2016. Lami ile ilikuwa ya malori ya mgodi, na sasa malori hayapo. Kimya chake ni cha ajabu, lakini nakiri kinanihuzunisha, kwa sababu ni kimya cha watu waliopoteza kazi. Mashimo ya mgodi yapo, nyumba za wafanyakazi zipo. Ukipita, nunua chai na chakula kwenye vibanda vya pale. Barabara imechakaa sehemu nyingi, kwa hiyo matairi membamba sana hayafai.

Kwa akina dada wanaouliza kama ni salama kwenda bila wanaume: sisi tunakwenda. Tunavaa kaptura ya baiskeli na juu yake nyingine pana, tunasalimia kila mtu. "Chamgei" inafungua mlango kabla hujauliza chochote. Akina mama watataka kujua umetoka wapi, watoto wako nani anawaangalia, na kwa nini hukupanda matatu. Jibu yote kwa utulivu. Mama mmoja alitukaribisha mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, akatuelekeza kisima chenye maji safi, kisha akampigia simu shemeji yake kijiji cha mbele atungoje barabarani.

Giza lisiwakute njiani. Hilo halina mjadala.

Tairi Pana

Kwa Wamarakwet je? Nataka kuiona ile mifereji yao ya kumwagilia mashamba.

Kijana wa Arror

Ndugu Tairi Pana, nakujibu kwa kirefu kwa sababu ni kwetu.

Mifereji ni ya mababu, ilikuwapo kabla ya mkoloni. Maji huchepushwa kutoka mitoni, juu kwenye ukingo, yakatembezwa kwenye ubavu wa mlima kwa kilomita nyingi. Penye jabali wazee walijenga kwa mawe, penye pengo wakapitisha juu ya magogo. Chini kabisa yanafika mashambani. Kila ukoo una mfereji wake au sehemu yake, na zamu za maji zinajulikana. Mvua ikibomoa, wanaume wa ukoo wanatoka wote kuukarabati. Kwa desturi wanawake hawagusi kazi ile. Usipande kwenye mfereji wala kunawa ndani yake bila kuuliza. Mtafute mzee akutembeze, na baiskeli iache kwake.

Ukitokea Biretwo kuja kaskazini unapitia upande wa Hifadhi ya Rimoi. Ndovu wapo, na huwa wanavuka kwenda na kutoka upande wa Ziwa Kamnarok. Asubuhi na jioni usiingie kipande hicho bila kuwauliza wenyeji ndovu wameonekana wapi. Ukiwaona, simama mbali, geuza baiskeli, subiri.

Na sasa la usalama, ambalo sitalipamba. Kaskazini, kuelekea Chesongoch na Tot, wizi wa mifugo wa kutumia bunduki umeua watu wetu. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi na kuweka kafyu ya usiku Elgeyo Marakwet na kaunti nyingine za jirani. Kuna vipindi vya utulivu na kuna vipindi vibaya, na mtu wa Nairobi hawezi kujua tuko kwenye kipi. Uliza kwa chifu au kituo cha polisi siku hiyohiyo unayotaka kupita. Wakikwambia rudi, rudi. Mifereji itakusubiri.

Gia Nyepesi

Kijana wa Arror, asante kwa kusema wazi. Naongeza dogo: miiba ya migunga. Ukiegesha kando ya barabara, beba baiskeli mkononi, usiisukume kwenye nyasi. Tyubu mbili za akiba, viraka, pampu. Huko chini fundi wa pikipiki atakusaidia mengi, ila tyubu ya saizi yako hana.

Mama Pedali

Na kurudi? Matatu za Kabarnet–Eldoret hubeba baiskeli juu ya keria. Ng'oa gurudumu la mbele, funga fremu kwa kamba yako mwenyewe, zungushia kitambaa panapogusana na chuma, na mkubaliane nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa.

Mleta mada

Asanteni sana, hasa wenyeji. Bado napungukiwa na kipande kimoja: aliyetoka Kabarnet akaendelea kuteremka mashariki hadi Marigat atuambie hali ya lami, wapi pa kupata maji, na kama upepo wa mchana humpiga mtu usoni au mgongoni.