Soro ya Salif Keita: vinanda vya Wafaransa vilimjenga au vilimharibu?

Wakuu, kuna hoja inanikera, eti Salif Keita, mwimbaji wa Mali, aliharibiwa Paris na wazungu wa vinanda. Wanaolengwa ni François Bréant na Jean-Philippe Rykiel, yule asiyeona, ndo waliopanga muziki wa Soro, albamu ya Salif ya 1987. Bréant katokea kwenye progresivu roki kabisa, ile roki ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi, 1978 katoa albamu yake Sons optiques, akapiga na mwimbaji Mfaransa Bernard Lavilliers, halafu taratibu akahamia kupanga na kuprodyuzi kazi za watu. Sasa sikilizeni wimbo wenyewe wa Soro, unakaribia dakika 10, unageuka geuka njiani, tarumbeta zinaingia zinatoka, kinanda kinatanda chini na ile sauti inapasua juu yake. Hiyo tabia ya kujenga wimbo kwa vipande virefu ndo ya watu wa progresivu, na kwa Salif imekaa. Mimi nasema walimjenga, mwenye hoja aje.

—

Mkuu nipo tofauti. Zile sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme, zimezeeka vibaya, ukiweka leo sekunde tano tu unajua hii miaka ya 80, plastiki tupu. Kama zilimfaa mbona 2002 kwenye albamu ya Moffou karudi kwenye gita kavu na watu wakaipenda hivyo? Sauti ya yule mzee haitaki mapambo.

—

Moffou imekuja miaka 15 baadaye, jina analo tayari. Jina la kimataifa kalipatia wapi kama si Soro? Halafu hiyo asili mnayoililia ni ipi, Les Ambassadeurs, bendi yake ya zamani kule Bamako, walikuwa na magitaa ya umeme, kinanda, na wanapiga mpaka muziki wa Kikyuba, hakuna aliyelia. Na bosi wa mradi hakuwa mzungu bana, ni Ibrahima Sylla, prodyuza wa lebo ya Syllart, Mwafrika mwenzetu, ye ndo alitaka sauti kubwa ya kisasa. Mnamvua Mwafrika maamuzi yake halafu mnajiita watetezi.

—

Hapo kwa Sylla umemaliza. Ongezea mwimbaji Thione Seck wa Senegal, albamu yake Orientation ya 2005, Sylla na Bréant tena, safari hii wameingiza wanamuziki wa Misri na India. Bréant hakuwa wa kubandika sinthesaiza kila mahali, anasoma sauti ya mwimbaji kwanza.

—

Sijashawishika hata kidogo. Kupanga vizuri sawa, ila balafoni, ile marimba ya Afrika Magharibi, ikizikwa chini ya kinanda imezikwa tu, hata aliyeagiza kaburi awe Sylla.

—

😂😂 kaburi tena! Haya wakuu, Amen, albamu ya Salif ya 1991 aliyoiprodyuzi Joe Zawinul, mpiga kinanda mwingine huyo, tunaiweka upande gani? Maana mimi Soro naitetea mpaka kesho ila ile huwa nairuka.